Kisa cha Taiga: nyonga iliyokatwa, na mfereji wa kahawa

Katika kisa hiki cha mbwa aliyerudishiwa mguu kwa kutembezwa majini baada ya upasuaji, kipimo nilichokiamini kuliko vyote kilikuwa nyayo za maji juu ya saruji kavu. Mbwa akitoka majini anaacha alama. Miguu ya mbele inajichora vizuri, kitako cha unyayo na vidole vyote vinne, na wa nyuma kushoto vilevile. Wa nyuma kulia, siku ile ya kwanza, uliacha vitone viwili tu vya vidole vya kati, kama mtu anayenyata asiamshe watoto. Nilipiga picha kwa simu kabla jua halijazikausha, na nikaendelea kupiga kila baada ya zoezi. Ninazo mpaka leo.

Mgonjwa ni Taiga, dume wa miaka minne, chotara wa shepadi na mbwa wa kienyeji, kilo 27. Analinda kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha mzee mmoja mstaafu huko Kibosho, juu ya Moshi mjini. Mwezi Mei, masika yamekolea na barabara imekuwa utelezi, bodaboda iliyokuwa ikiteremka ilimgonga ubavuni. Dereva hakusimama. Taiga alijikokota mpaka chini ya migomba, akalala hapo hadi asubuhi.

Mimi, daktari wa mifugo, sikuitwa. Aliitwa muuza dawa za mifugo wa jirani, naye akaamua kuwa paja limevunjika, akalifunga banzi mbili za mbao kuanzia katikati ya paja hadi chini, akaahidi mfupa utaunga kwa wiki tatu. Banzi ya aina hiyo haiifikii nyonga hata kidogo. Inachofanya ni kuongeza uzito unaoning'inia chini ya mahali palipoumia, kama kengele. Nyumbani nako walimpa vidonge vya dikilofenaki vilivyobaki kwa bibi, na siku ya tatu mbwa akaanza kutapika na kupata choo cheusi kama lami. Bahati yao vidonge viliisha. Dikilofenaki na ibuprofeni za binadamu hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Kwa maumivu ya mbwa zipo dawa zake, na dozi hupimwa kwa kilo.

Nilimwona mwezi Juni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Daktari. Haya, niambie tu. Huyu ni wa kutibu au ni wa sindano ya mwisho?"

Nikamwomba kwanza nimshike mbwa. Mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto, unyayo umevutwa ndani chini ya tumbo na goti limegeukia nje. Kuna kipimo cha kidole gumba ambacho hakihitaji umeme wala fedha. Unakisukuma kidole ndani ya bonde lililo kati ya kifundo cha juu cha fupa la paja na mfupa wa kalio, kisha unazungusha paja kuelekea nje. Nyonga ikiwa mahali pake, mfupa unakisukuma kidole kitoke. Kwa Taiga kidole changu kilikaa pale pale, kimetulia kama kimeegeshwa. Kichwa cha fupa la paja kilikuwa kimetoka kwenye kikombe chake. Eksirei tuliyompeleka kupiga Arusha ilithibitisha: kichwa kimekaa mbele na juu, na ukingo wa kikombe umemeguka.

Nyonga iliyochomoka ikiwahiwa siku chache za mwanzo mara nyingi hurudishwa kwa kuvuta, mbwa akiwa kwenye usingizi wa dawa. Baada ya wiki tatu na zaidi, kikombe kimeshajaa nyama ya kovu, misuli imefupika, na kwa ukingo uliomeguka hata ungerudisha isingekaa. Tukaamua kukata kichwa cha fupa la paja pamoja na shingo yake na kukiondoa kabisa. Nilipomweleza Mzee alinitazama kama nimesema nitamtengenezea gari kwa kung'oa gurudumu. Lakini upasuaji huu ni wa siku nyingi na unaeleweka: mfupa hausuguani tena na mfupa, na kati ya paja na nyonga hujijenga kiungo bandia cha nyama ya kovu kinachoshikiliwa na misuli. Mbwa wadogo hufaidika kwa urahisi zaidi. Kwa mbwa wa kilo 27 unaweza kufika, ila kazi iko baada ya kisu.

Pale hapakuwa na bamba wala pini, wala mfupa wa kusubiri uunge. Kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kumpumzisha muda mrefu, na ilikuwepo sababu kubwa ya kutompumzisha. Kovu lisipovutwa hukaza. Paja lisipotumika hunyauka. Na mbwa ana tatizo jingine ambalo binadamu hana, kwamba miguu mitatu inamtosha. Taiga alikuwa amekaa mwezi mzima bila mguu wa nne na alikuwa anakula, anabweka, anafukuza kuku wa jirani. Ungemwambia nini akuelewe kwamba anahitaji kuukanyagia?

Nyuzi zilitoka siku ya 12 baada ya upasuaji. Nilikuwa nimewapa kazi ya nchi kavu: kumnyoosha paja taratibu kuelekea nyuma mara tatu kwa siku, na kumtembeza kwa kamba fupi, polepole mno. Upole huo ndio wenye siri. Mbwa mwenye mguu mbovu akienda kwa kasi anaukunja na kurukaruka kwa mitatu. Ukimpunguza mwendo mpaka unachosha, mara moja moja inabidi auweke chini ili asianguke. Mjukuu wa Mzee, kijana wa kidato cha pili, ndiye aliyepewa kamba. Alifanya kwa moyo wote, lakini Taiga aligoma. Aliuinua mguu mlangoni na kurudi nao ukiwa bado umeinuliwa. Nilipima mapaja kwa futi kamba ya fundi cherehani, mahali pale pale pande zote mbili: kushoto sentimita 37, kulia 31.

Hapo ndipo nikafikiria maji. Nchi kama Uingereza zina vituo vingi vya tiba ya maji kwa mbwa, vyenye mabwawa ya maji vuguvugu na mashine za mkanda ambazo mbwa hutembea juu yake ndani ya sanduku la kioo huku maji yakipandishwa na kushushwa. Mimi siku zangu nyingi ni za ng'ombe na nguruwe, sanduku la kioo ningelitoa wapi? Nikajiuliza lile sanduku linafanya kazi gani hasa, nione kama Kibosho kuna kitu cha kuifanya.

Linafanya hivi. Maji yanambeba mbwa, na kiasi yanachombeba kinategemea yamefika wapi mwilini. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2010 vilionyesha kuwa maji yakifika kwenye kifundo cha mguu wa nyuma mbwa bado anabeba asilimia 91 ya uzito wake. Yakifika gotini, 85. Yakifika usawa wa nyonga, 38 tu. Tazama palivyo na shimo kati ya goti na nyonga. Anayemsimamisha mbwa kwenye beseni la maji ya gotini akadhani amempunguzia mzigo, amemwogesha tu. Kwa Taiga wa kilo 27, maji ya nyonga yanamwacha na kama kilo 10 za kubeba. Na kwa kuwa miguu ya nyuma ya mbwa hubeba kama asilimia 40 ya uzito, kila mmoja 20, ule mguu mbovu ambao nchi kavu ungetakiwa kubeba kilo 5 na zaidi, majini ungebeba kama 2. Hapo hapo maji yanaukamata mwili pande zote, kwa hiyo akiyumba haanguki ghafla, na yanapinga kila hatua, kwa hiyo misuli inafanya kazi ingawa kiungo hakielemewi. Uvuguvugu nao unalegeza misuli iliyokaza.

Nikasema basi, tunatafuta kitu chembamba, kirefu, chenye sakafu tambarare na kina unachoweza kukibadilisha. Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Si mfereji wa kuoshea kahawa huo?"

Shamba la jirani lilikuwa na kiwanda kidogo cha kumenya kahawa. Mashine ilishauzwa zamani, mfereji wa zege ukabaki unaota majani. Tuliupima: urefu mita 6, upana sentimita 45, kuta sentimita 60, na ncha zote mbili zina matundu ya kuchomeka mbao za kuzuia maji. Ukiongeza ubao maji yanapanda, ukitoa yanashuka. Nimeona picha za mabwawa ya maelfu ya dola, na bado nasema upana ule wa sentimita 45 ulikuwa zawadi. Mbwa hawezi kugeuka wala kuogelea pembeni. Anaweza tu kwenda mbele, na wewe unatembea nje ya ukuta ukiwa umeshika mkanda wake wa kifuani. Sakafu ilikuwa na utelezi, tukatandika mpira wa kulalia ng'ombe, tukaukandamiza kwa mawe. Mwisho mmoja tulipanga matofali yawe ngazi ya kupandia kwenda kwenye kibaraza cha saruji, ambako ndiko nilikosomea nyayo.

Baridi ilikuwa shida ya pili. Ilikuwa Julai, na maji ya mfongo, mfereji wa asili wa Wachaga, yanayotoka mlimani nayo hayana urafiki. Asubuhi yalikuwa nyuzi 19. Maji ya baridi hukaza misuli, na mbwa anayetetemeka hafanyi mazoezi, anavumilia tu. Nilitaka 28 hadi 30. Kina cha kufika nyonga ya Taiga kilikuwa kama sentimita 45, yaani lita 1,200 hivi kwa mfereji wote. Tuliujaza asubuhi, tukaufunika kwa turubai jeusi, na kufika saa tisa alasiri jua, siku lilipojitokeza, lilikuwa limeyafikisha 24. Kisha tukamimina maji yaliyochemka: kila ndoo ya lita 20 ilipandisha digrii moja na kidogo, kwa hiyo ndoo nne au tano zilitosha. Kipimajoto tuliazima kituo cha kukusanyia maziwa. Siku za mawingu bibi wa nyumba aliuliza kuni za mbwa huyu atalipa nani, na swali lilikuwa la haki. Siku hizo tuliahirisha.

Kabla ya kumtia majini nilihakikisha kidonda kimefunga kabisa, hana homa, haharishi, ngozi haina vidonda, moyo unapiga vizuri, na chanjo ya kichaa cha mbwa iko hai, maana mjukuu angekuwa karibu na meno yake wakati mbwa ana hofu.

Siku ya 15 baada ya upasuaji aliingia. Mzunguko wa kwanza alisimama kama ng'ombe anayesukumwa joshoni, macho yametoka. Wa pili alitembea kwa mitatu. Mzunguko wa tatu, kama mita mbili kabla ya matofali, mjukuu aliyekuwa amechuchumaa akichungulia ndani ya maji alipiga kelele: "Ameushusha!" Niliinama nikaona. Mguu wa kulia ulishuka, vidole vikagusa mpira, ukapaa, ukashuka tena. Dakika mbili za kutembea, dakika mbili za kupumzika, mara tatu, tukamtoa. Alipanda matofali akavuka kibaraza, na vile vitone viwili vikaandikwa kwenye saruji. Hatua tatu tu, ya nne akauinua. Tulimkausha kwa taulo mpaka masikioni, na misuli ikiwa bado ya moto nikamnyoosha paja. Lilikwenda nyuma zaidi ya asubuhi, na hakunigeukia.

Tuliendelea mara tatu kwa wiki. Wiki ya pili vitone vilikuwa vidole vinne, bila kitako cha unyayo. Kwenye kamba ya nchi kavu alianza kugusa chini jioni za siku za maji, kesho yake akasahau, jioni ya maji akakumbuka. Kupanda na kushuka huko kulinishawishi kuliko kipimo cha futi kamba, ambacho kwa wiki mbili hakikusogea hata nusu sentimita.

Wiki ya tatu nilisafiri. Niliporudi nikakuta video kwenye simu: baba mdogo wa yule kijana alikuja likizo na gari, akasikia maji yanamsaidia mbwa, akampakia wakaenda Boma Ng'ombe hadi Chemka. Alimaanisha mema. Jina Chemka linadanganya, maji yale hayaunguzi, ni ya uvuguvugu tu na yanang'aa mpaka unaona mizizi ya mikuyu chini. Kwenye video Taiga anaogelea chini kidogo ya pale wanapoogelea watu, kila mtu anashangilia. Nilipunguza kasi ya video nikatazama nyuma. Miguu ya mbele inapiga maji kama mashine, na mguu wa kulia wa nyuma umekunjwa tumboni, haufanyi chochote. Aliogelea robo saa nzima. Kesho yake alikuwa amekaza kiuno, mguu juu, hataki kuguswa. Tukapoteza siku tano.

Nimesikia watu, na wenye taaluma wamo, wakisema "mwogeleshe mbwa" kana kwamba ndiyo tiba ya maji yenyewe. Kuogelea kuna mahali pake, kwa pumzi na kwa baadhi ya magoti. Lakini mbwa anayeogelea huvutwa zaidi na miguu ya mbele, na ya nyuma hukunja sana kuliko inavyonyooka. Utafiti wa mwaka 2003 uliolinganisha kuogelea na kutembea kwa mbwa waliofanyiwa upasuaji wa goti ulikuta viungo vya goti na kifundo vinafanya mwendo mpana zaidi majini, na upana huo ulitokana hasa na kukunja. Nyonga iliyokatwa kichwa haina upungufu wa kukunja. Inachopoteza ni kunyooka kwenda nyuma, na kunyooka huko mbwa anakupata pale tu unyayo unapokanyaga kitu na mwili ukapita juu yake. Bila sakafu hapakuwa na tiba kwa Taiga, palikuwa na matembezi ya Jumapili.

Nilimwonya pia kijana asisimame kwenye maji yaliyotuama huko tambarare. Skimu za umwagiliaji za chini ya Moshi, Mabogini na jirani zake, zina historia ya kichocho, na konokono wake hawajali kama umeingia kuoga au kushika mbwa.

Tulianza tena na dakika chache kuliko tulipoachia. Wiki ya tano nikatoa ubao mmoja, maji yakashuka katikati ya nyonga na goti, mzigo ukaongezeka bila yeye kushtuka. Nikaongeza muda hadi vipande vya dakika nne. Ishara ya kuacha tuliyokubaliana ilikuwa moja: ukisikia kucha za mguu wa kulia zinakwaruza mpira, amechoka, mtoe, hata kama saa inasema bado. Wiki ya sita kitako cha unyayo kilionekana kwenye saruji kwa mara ya kwanza, chepesi, upande wa ndani tu. Wiki ya nane tulishusha maji hadi gotini, ambako kwa hesabu ile anabeba karibu uzito wake wote, na nikaona maji hayana tena kazi kubwa ya kufanya. Tukahamia kwenye kupanda mlima kwa kamba, na Kibosho haina uhaba wa milima.

Futi kamba siku hiyo: kushoto 37, kulia 35.

Sina mbwa wa pili aliyekatwa siku ile ile akaachwa bila maji nimlinganishe naye, na nimeshaona mbwa wa upasuaji huu waliorudisha mguu kwa kamba na subira tu. Inawezekana Taiga naye angefika, labda mwezi mmoja au miwili baadaye, labda na paja jembamba zaidi. Ninachoweza kukisimamia ni kile nilichokiona ndani ya mbwa huyo huyo mmoja. Siku kumi na mbili za kumbembeleza nchi kavu hazikumshusha mguu hata mara moja, na dakika chache kwenye maji ya nyonga zilimshusha. Kisha maji yale yale bila sakafu yakampandisha tena. Kwa hiyo daktari mwenzangu akiniuliza kuhusu tiba ya maji simuulizi kama ana bwawa, namuuliza ana njia gani ya kubadilisha kina.

Nilipita kumwona mwezi Novemba. Mguu wa kulia bado ni mfupi kwa kama sentimita moja, na hautarudi. Akikaa anauweka pembeni, na akikimbia sana siku nzima jioni anachechemea. Nilikuwa nimemwambia Mzee hayo kabla ya kukata. Tulimpitisha mara moja kwenye mfereji, ukiwa na maji ya kifundoni tu ya mvua za vuli, akapanda matofali kwa pupa akavuka kibaraza akimfukuza kuku. Nilisoma saruji. Nyayo nne, ya kulia nyuma imekaa nje kidogo ya mstari, vidole vinne na kitako.

"Hizo kuni," Mzee alisema, "mama yenu amezihesabu zote. Ukiandika hicho kisa chako, ziandike." Kisha akachomoa ubao, maji yakateremka kwenye migomba.